Kadi Iliyozidi Sanduku

Siku ya kununua tulikuwa watu wanne. Mimi mwenyewe, mjane wa polisi, niliyeuza nguo za mitumba soko la Owino, Kampala, miaka thelathini na kitu mpaka magoti yakakataa. Mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita akingoja majibu ya mtihani. Mwenye boda aliyetupeleka mjini, ambaye mama yake tulizaa naye wodi moja hospitali ya Nsambya, vitanda vikitazamana, yeye akampata huyo na mimi nikampata kitinda mimba wangu. Na muuza kompyuta, Muganda mwenye miwani, ambaye nilipoingia dukani hatukujuana, lakini kabla hatujatoka nilikuwa nimeshaupata ujirani: shangazi yake aliuza masweta meza ya tatu kutoka yangu. Kesho yake akaongezeka wa tano, mwanangu mkubwa mwenyewe, baba wa binti, naye ni polisi kama marehemu baba yake, fundi katika karakana ya magari yao.

Majina yao ninayo yote, na majina ya mama zao. Lakini mimi naandika kwenye daftari na mjukuu ndiye anayepiga chapa, na ameniambia, "Haboba, majina ya watu hayawekwi hivi hivi." Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Basi nimeyaacha kichwani yalipo.

Sasa habari yenyewe. Mjukuu wangu anacheza michezo ya kompyuta, ile ya timu, watu watano upande huu na watano upande ule, kila mmoja nyumbani kwake. Wao ni wasichana watano waliosoma shule moja. Walikuwa wamepata nafasi katika mashindano, mchezo wa kwanza Jumamosi. Wenzake wanne walikuwa na mashine kwao. Yeye hakuwa nayo. Alikuwa anakwenda kulipia saa kwenye ukumbi mmoja wa michezo mjini, umejaa wanaume na moshi wa sigara, na mara nyingi Magharibi ilimkuta huko.

Baba yake alipojua, hakupiga kelele. Mwanangu hapigi kelele, na hilo ndilo linalotisha.

"Mimi sikatai mchezo," akasema. "Nakataa ule ukumbi. Naujua, nimewahi kuingia pale kikazi."

"Baba, sasa nitacheza wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa mashine ipi?"

"Hilo ni lako. Mimi natumwa Soroti wiki tatu kutengeneza magari. Narudi Ijumaa, siku moja kabla ya hayo mashindano yenu. Nikifika nikaikuta mashine hapa, inafanya kazi, cheza mpaka uchoke. Nisipoikuta, waage wenzako, na Jumatatu unaanza cherehani kwa shangazi yako."

Binti akamjibu, "Sawa, Baba," akaingia chumbani. Mimi nikamfuata baada ya muda, nikamkuta hajalia. Alikuwa ameshashika kalamu.

Wiki tatu zile alisuka nywele za wanawake wa nyumba zetu zote, kuanzia mstari wa kwanza wa nyumba za polisi mpaka kwa watu wa reli, huku simu ameiegemeza kwenye kikombe anasoma bei za vyuma. Mwanamke akilalamika, "We mtoto, unanivuta!" anasema, "Samahani, Ma, nimeona prosesa." Fedha yake ikawa nusu. Nusu nyingine nikaongeza mimi, na sitasema ilitoka wapi, maana wanangu watasoma.

Karatasi yake ya vitu vya kununua alinisomea mara nyingi mpaka nikaishika. Prosesa, alisema, ndiyo inayofikiri. Memori ndiyo meza ya kufanyia kazi. Ikiwa ndogo vitu vinaanguka. Pawa saplai inagawa umeme, ikiwa mbovu inaua wenzake wote. Na kadi ya picha ndiyo inayochora kile unachokiona, na bila hiyo mchezo unakwenda kwa kukwama kwama, adui ameshakuua ndiyo kwanza unamwona anafika. Vyote hivyo vinafungwa kwenye bodi, na bodi inakaa ndani ya sanduku la bati. Sanduku, na bodi yenye diski yake ndogo, alikwisha kuvipata kutoka kwa ofisi moja iliyokuwa inahama. Vilivyobaki vitatafutwa vya mkono wa pili.

Niliposikia mkono wa pili nikamwambia, "Hapo nakuja na wewe."

"Haboba, hivi si nguo."

"Kilichovaliwa ni kilichovaliwa."

Alhamisi asubuhi tukatoka, watatu kwenye boda moja, sanduku tumelipakata kati yangu na yeye, likafungwa kamba. Binti alitaka lije ili vitu vijaribiwe humo humo. Duka liko katika jengo moja la ghorofa chini ya kilima cha Nakasero, vijiduka vimebanana kama masanduku ya kiberiti. Mwenye boda akatusaidia kupandisha sanduku, kisha akakaa ngazini na kukataa kuondoka, anataka aone mwisho wake.

Yule muuzaji alikuwa na vitu vizuri juu ya kioo na makatoni chini ya miguu yake. Nikajua papo hapo nipo mahali ninapopajua. Akatoa pawa saplai mbili, moja inang'aa, moja ina vumbi. Binti akasoma maandishi yake. Mimi nikazishika, moja mkono huu, moja mkono huu. Ile inayong'aa ilikuwa nyepesi kama mkate wa jana.

"Hii haina kitu ndani," nikasema.

Muuzaji akacheka, akaniita bibi kwa Kiganda. "Jajja, zote maandishi yake ni sawa."

"Mwanangu, hata mimi niliwahi kuuza makoti yenye maandishi ya Ulaya. Mwandishi wake alikuwa jirani yangu."

Binti akaangalia simu yake, akatafuta, akaniangalia. "Haboba amesema kweli. Ile nzito ndiyo nzuri." Tukachukua yenye vumbi. Memori nikazinusa, moja ilikuwa na harufu ya kuungua, kama pasi iliyosahauliwa kwenye kola. Tukaikataa. Nikaangalia vichwa vya skrubu: vilivyokwaruzwa maana yake vimefunguliwa na mtu asiyejua, sawasawa na pindo lililoshonwa upya. Muuzaji akavua miwani yake akaipangusa.

"Jajja, uliwahi kufanya kazi hii?"

"Nilifanya kazi ya kudanganywa na kudanganya, Owino, upande wa nguo za watoto." Hapo ndipo tukaulizana, na hapo ndipo shangazi wa masweta akatokea, na bei ikashuka bila mtu kuomba.

Kama tungeondoka wakati ule, nisingekuwa na la kuandika.

Ilikuwa imebaki kadi ya picha. Binti alikwisha kuiandika anayoitaka, na ilikuwepo: ndogo, ina feni moja, inakaa kiganjani. Lakini juu ya rafu nikaona nyingine, ndefu, feni tatu kwa mstari, pana kama kitabu cha zamu cha kituo cha polisi. Nikauliza bei. Ilizidi ile ndogo kidogo tu.

"Mbona rahisi hivyo? Ina ugonjwa?"

"Haina, Jajja. Ni nzima, ina nguvu kuliko hiyo. Ila watu wengi masanduku yao ni madogo, haiwaingii."

Hapo nikaona mwanga. Nguo kubwa sana pale Owino hukaa mpaka jioni, inauzwa bei ya kutupa, na mwenye akili anaichukua. Wanangu saba wote niliwavalisha hivyo. Sijawahi kumnunulia mtoto nguo ya mwili wake. Mtoto hununuliwa nguo ya kukulia.

"Tunachukua hii," nikasema.

"Haboba, mimi nimeandika ile."

"Ile mwaka huu. Mwakani itakubana, utasuka tena nywele za watu. Hii utakulia ndani."

Nikaweka mkono juu ya sanduku, nikapima kwa shibiri: mbili na vidole vitatu. Nikapima kadi: moja na nusu. "Inaingia na nafasi inabaki."

Muuzaji akasita. "Jajja, tungefungua kamba tupime kwa ndani."

"Mkono huu umepima suruali za Kampala nzima," nikasema. "Fungua kamba ya nini?"

Mwenye boda kule ngazini akaitikia, "Huyo usibishane naye, ssebo, mama yangu alishindwa."

Binti akaiangalia ile ndogo. Akafungua mdomo, akaufunga. Kwetu mtoto akinyamaza mbele ya mkubwa tunasema amekubali. Tumesema hivyo siku zote, na mimi nikasema hivyo siku ile, nikalipa.

Tulifika nyumbani baada ya Adhuhuri. Nikatandika mkeka, nikakaanga gurusa, chapati zetu nyembamba za Kinubi, na kupika chai, yeye akafungua sanduku akaanza kufunga vyuma kimoja kimoja kama mtu anayevisha mtoto mchanga. Nilikuwa namwangalia vidole. Ni vya marehemu babu yake, virefu, havina haraka. Prosesa ikakaa. Memori zikalia *tak*. Pawa saplai ikaingia nyuma. Akachukua kadi kwa mikono miwili, akaiinamisha, akaisukuma, akaitoa. Akaigeuza. Akaisukuma tena.

Ndani ya sanduku, upande wa mbele, palikuwa na kitu kingine, kijumba cha bati cha kuwekea diski kubwa za zamani, kimepigiliwa kwa ribiti, na kilikuwa kimekula nafasi ya kiganja kizima. Mimi nilipima koti kwa nje. Ndani kulikuwa na bitana.

"Imezidi," akasema.

"Isukume."

"Haboba, hii si mguu kwenye kiatu."

Alisema hivyo tu, na hakujua alichokisema, na mimi pia sikujua.

Akampigia muuzaji. Nilimsikia yule kijana kwenye simu, sauti ya huruma kabisa: ile ndogo ilichukuliwa saa ile ile tulipotoka, nyingine ya namna ile hana, na hii kubwa angeipokea lakini fedha yake ameshaipeleka kwenye mzigo. Nisingeweza kumlaumu. Mimi mwenyewe kwa miaka thelathini nilikuwa na kipande cha boksi juu ya meza yangu kilichoandikwa na mwanangu: kikitoka hakirudi.

Binti akakata simu. Hakunilaumu. Akasema, "Si neno, Haboba, kula gurusa inapoa." Banange, afadhali angenitukana. Usiku ule kila nilipogeuka kitandani niliona lile jicho lake kwenye kadi ndogo.

Ijumaa tukashinda tukiuliza watu. Hakuna mwenye kadi ya kuazimisha. Saa kumi na robo nikasikia buti nje, na salamu, "Asalaam aleykum, Mama." Mwanangu amesimama barazani na begi begani, amepauka kwa vumbi la safari. Kupitia mlangoni akaona mkeka, vyuma vimetandazwa, na binti yake amekaa katikati mikono mapajani.

"Inafanya kazi?" akauliza.

"Hapana, Baba."

"Kwa nini?"

Binti akanyamaza. Hata hapo hakutaka kunitaja. Nikasimama mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alichagua sawasawa. Mimi nikamlazimisha kubwa, haiingii."

Mwanangu akaangalia kadi, akaangalia sanduku, akaniangalia mimi. Kisha akafanya jambo nisilolitegemea, akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri mwanzoni.

"Mama. Umefanya tena."

"Nimefanya nini tena?"

"Buti."

Mimi buti nazikumbuka. Alikuwa darasa la saba, anacheza mpira vizuri, shule zetu za huku zilikuwa zinachagua timu moja ya kwenda nje. Nikamtafutia buti za ngozi Owino, za kweli, zenye meno chini. Namkumbuka mwalimu aliyechagua, jina na ukoo wake. Nawakumbuka wavulana kumi na mmoja waliochukuliwa, wote, na baba zao walikuwa na vyeo gani. Na kichwani mwangu mwanangu alirudi akasema mpira umemchosha, anataka kusoma, na mimi nikamshukuru Mungu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwahadithia watu miaka yote.

"Zilinizidi namba mbili, Mama," akasema. "Niliweka gazeti mbele. Nikapiga mpira wa kwanza wa maana, kiatu kikatoka. Kiatu kilifika mbali kuliko mpira. Kipa akakidaka kiatu!"

Binti akashika mdomo asicheke.

"Cheka," baba yake akamwambia. "Uwanja mzima ulicheka. Mwalimu alikaa chini kwa kucheka."

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia nini? Uliziangalia zile buti kama umenunulia familia gari. Nikazivaa mpaka zikanitosha. Ziliponitosha, timu ilishasahaulika."

Nilikaa kwenye kiti. Nje majirani walikuwa wanaitana, mtu anachota maji. Binti akaangalia chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Jumatatu nianze cherehani, Baba?"

Mwanangu akaangalia saa yake. Halafu akaangalia miguu yake, buti mbili zimesimama nje ya kizingiti.

"Karatasi yangu ya safari inasema nafika saa kumi na mbili jioni," akasema. "Saa hizi niko njiani. Mimi sijafika. Mama, mmeniona?"

"Sijaona mtu," nikasema.

"Nileteeni hilo sanduku hapa barazani. Kiatu hakikatiki, bati linakatika."

Akatuma kwa jirani, fundi mwenzake wa karakanani, ikaletwa keekee na koleo. Akavua shati la sare, akabaki na fulana. Alipotaka kuanza binti akamzuia kwa mkono, kama mkubwa wake kazini. "Baba, subiri! Tutoe bodi kwanza. Unga wa chuma ukiingia humo tumekwisha."

"Ndiyo, afande," akasema, akangoja.

Wakatoa vyote, wakaviweka kwenye sinia langu la harusi juu ya kanga. Kisha akatoboa vichwa vya ribiti kimoja kimoja, nane, nilizihesabu, kile kijumba cha bati kikalegea, akakivuta kikatoka kwa mlio kama wa jino linalong'olewa. Binti akapangusa ndani kwa brashi ya rangi, akapangusa tena, akawasha tochi ya simu akakuta chembe nyingine, akapangusa. Baba yake hakumharakisha. Aliangalia saa mara moja tu.

Kadi ikaingia. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja mbele yake.

Wakaunga skrini ya zamani ambayo binti aliazima kwa rafiki yake. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, jua limeshuka nyuma ya kilima. Binti akabonyeza. Feni tatu zikaanza kuzunguka taratibu, kisha kwa pamoja, na skrini ikawa nyeusi muda ambao mimi nilisoma Fatiha nusu. Kisha yakatokea maandishi meupe.

Binti hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya sanduku kama unavyomwekea mtoto mwenye homa iliyoshuka.

Mwanangu akachukua begi lake, akavuka kizingiti, akasema, "Asalaam aleykum. Nimefika. Ehe, inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, Baba."

"Basi," akasema, akaenda kuoga.

Mfuniko wa ubavuni haukufunga vizuri, maana bati lilipinda kidogo. Nikashona kifuniko kwa pazia jepesi lenye matundu, nikatia mpira pembeni. Safari hii nilipima kwa futi kamba, nje na ndani, binti akashika ncha moja. Kimekaa sawasawa. Mpaka leo kiko hapo.

Jumamosi walicheza. Mwanangu alikaa nyuma ya kiti cha binti yake na chai ikapoa mkononi. "Huyo adui yuko wapi?" anauliza. "Baba, huyo ni mimi." Wakashinda mchezo wa kwanza, wa pili wakashindwa, wakatoka. Wenzake hawakumtoa, bado wanacheza wote watano, na cherehani ya shangazi yake inamngoja mtu mwingine. Alipovua vile visikizio masikioni uso wake ulikuwa umelowa jasho. Baba yake akamuuliza, "Mashine ilikukwamisha popote?" Akasema, "Hapana. Tuliponzwa na sisi wenyewe." Mwanangu akatikisa kichwa mara nyingi, polepole. Nilimwona, na nikajua alichokuwa anakifikiria, na uwanja alioufikiria.

Kwa hiyo nawaomba mlionisoma. Watu husema mimi nakumbuka kila kitu kwa sababu nakumbuka kila jina, na mimi niliamini. Kumbe nilibeba habari ya buti ikiwa imepinda miaka yote hii. Kama wewe ulikuwa uwanjani siku ile, na hasa kama wewe ndiye kipa uliyekidaka kiatu, najua jina lako, najua na nyumba mliyokaa. Njoo uniambie ilikuwaje. Pia sina hakika kama ribiti zilikuwa nane au saba. Mjukuu anasema sita. Mahali nilipokosea, nisahihishe, na usinyamaze kwa sababu mimi ni mkubwa.